Mkojo wa Mama Mkwe Ulivyosafiri Kwenda Bungoma

Jogoo aliyemwangusha Nekoye alikuwa mkubwa kiasi kwamba akiwika Kiminini, wachuuzi wa Suam kule mpakani wanafungua maduka. Anayebisha na aende akaulize. Alikuwa mwekundu, kucha kama jembe, na alishaahidiwa harusi ya watu. Asubuhi ya kumkamata, jogoo akaruka ua, Nekoye akaruka ua. Jogoo akatua kwa miguu, Nekoye akatua kwa nyonga. Harusi ya watu ikala mbuzi.

Huyu Nekoye binti Wabwile alizaliwa Bungoma, akaolewa Kiminini, mume akamfia mapema, na tangu hapo amekula, amevaa na amesomesha binti yake Joan kwa kuku. Alikuwa anawakusanya vijijini Bungoma na kuwauza Kitale, na hakuna aliyewahi kumwona kuku wa Nekoye amelegea sokoni. Wenzake walisema anawaroga. Uchawi wenyewe ulikuwa kwenye mkebe wa majani ya chai, chini ya kitanda chake. Ndani ya mkebe mlijaa vile vidonge vya rangi mbili, ambavyo Levi wa duka la dawa pale steji anavipima kwa kiganja kama njugu. Siku ya soko Nekoye anafungua kidonge, anamwaga unga wake kwenye maji ya kuku, na kuku wanasimama wima kama askari wa gwaride.

Mkojo ukimchoma yeye mwenyewe, na ulikuwa unamchoma mara nyingi, maana kazi ya kushinda barabarani bila choo si mchezo, anameza viwili kutoka mkebe uleule. Ukiacha kuchoma, anafunga kifuniko. "Kumaliza dozi ni mambo ya matajiri," alikuwa akisema. "Maskini huweka akiba." Na akienda kumwona mgonjwa, wengine wanabeba sukari, yeye anafunga vidonge vyake kwenye ncha ya leso. Wagonjwa walimpenda. Waliopona walimsifu, na waliokufa hawakulalamika.

Basi Nekoye akabebwa mpaka Kitale, kwenye hospitali moja inayoitwa Ghala Jekundu. Zamani nyumba ile ilikuwa inahifadhi magunia ya mahindi. Sasa inahifadhi watu, na ukiuliza wagonjwa watakuambia mahindi yaliangaliwa vizuri zaidi, maana mahindi yalikuwa yanageuzwa yasioze.

Wakamlaza wodi ya wanawake. Wakamfunga mguu kwa kamba, mwisho wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga uunyooshe mfupa, angoje chuma cha kumuunga nyonga. Chuma kilikuwa kinakuja. Kila siku kilikuwa kinakuja. Labda kilikuwa kinatembea kwa miguu kutoka Mombasa na kulala njiani kwa jamaa zake.

Siku ileile ya kwanza, muuguzi aliyeitwa Chelagat akamtia mpira wa mkojo. Ni mpira mwembamba unaoingia mpaka kwenye kibofu, na mkojo unashuka wenyewe hadi kwenye mfuko wa plastiki, uliotundikwa chini, ubavuni mwa kitanda, mahali ambapo kila apitaye anauona.

"Hii ni ya nini, sista?" Nekoye akauliza.

"Ya kukusaidia, mama. Usihangaike na beseni."

"Lakini mimi nimevunjika mguu. Sijavunjika kibofu."

Chelagat akacheka, akapita, kwa sababu alikuwa peke yake na wodi nzima, na wodi nzima ilikuwa inaita. Kupeleka beseni kwa kila kitanda kungehitaji watu, na watu hawakuajiriwa. Basi mpira ukawa ndiye muuguzi. Ulikaa. Chelagat alibadilishwa zamu, akaenda, akarudi, na mpira ulikuwa bado umekaa pale, kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi akaishia kuoa.

Wacera, bibi wa Kikuyu aliyelazwa kitanda cha pili, mguu wake ukiwa umevunjwa na pikipiki, alikuwa na mpira kama huo. "Zoea tu," akamwambia Nekoye. "Mimi sasa nauona kama mkia."

Nekoye angeuzoea. Kilichomshinda ni mkwe.

Joan alikuwa ameolewa na Kabiru, kijana wa familia ya Kikuyu iliyohamia Trans-Nzoia zamani, wanaokaa Matisi. Kabiru alikuwa na pikapu ya kusambaza maziwa, kutoka Kitale mpaka Bungoma, akiyabeba ndani ya masanduku ya barafu. Mtu mwema, hana maneno. Lakini kwa Wabukusu, watu wa Nekoye, mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono. Hawali meza moja. Mkwe akionekana njiani, mama anaingia kando mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima, na Nekoye aliishika kwa mikono miwili. Siku moja alimwona Kabiru anakuja Kiminini, akajitosa kwenye shamba la mahindi la watu. Kabiru akasimama kuongea na rafiki, rafiki akaleta viti, na inasemekana Nekoye aliingia mahindi yakiwa ya kuchoma, akatoka yakiwa tayari kwa kusagwa.

Kabiru hakujua habari hiyo ya heshima. Kila alipomwona mama mkwe akitimua mbio, alijua kitu kimoja tu: huyu mama ananichukia. Aliposikia amevunjika nyonga akasema moyoni, hapa ndipo nitampata. Akaanza kuja kila mchana, kabla ya kupakia maziwa, na supu kwenye chupa ya chai. Anavuta kiti. Anakaa. Karibu kabisa na kitanda, ubavu uleule wenye mfuko.

Sasa fikiria mwenyewe. Mguu umefungwa mchanga, utakimbilia mahindi gani?

Siku ya kwanza Nekoye alijifunika leso usoni. Halafu akakumbuka kwamba uso sio shida. Shida ni ule mfuko wa manjano unaoning'inia karibu na goti la mkwe, nusu umejaa, unatikisika kama kiriba. Alitamani ardhi ipasuke. Kesho yake, aliposikia tu viatu vya Kabiru kwenye korido, aliunyakua mfuko akaupandisha kitandani, akauweka juu ya tumbo na kuufunika blanketi. Kabiru akaingia, akasalimu, akamimina supu, akazungumzia bei ya maziwa na hali ya barabara. Nekoye akajibu "mm" na "mm." Mfuko ulikuwa na joto tumboni kama mtoto. Wakati mwingine, Kabiru akiisha kuondoka, Nekoye alisinzia na kuusahau hapohapo.

Akafanya hivyo siku nyingi. Hakuna aliyemwambia kitu.

Ilianza kwa baridi. Jua la Kitale linawaka dirishani, yeye anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Kisha mgongo ukauma huku chini, kisha mkojo ukawa mzito kama uji ulioungua, una harufu ya kufukuza nzi. Akaanza kuwaita kuku wake kwa majina, na kumwambia Wacera ashuke kwenye ua. Daktari Hesbon, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, akapita na kuandika sindano. Homa ikashuka kidogo, ikapanda. Akaandika nyingine. Ikapanda. Akaandika ya tatu, anaandika akitembea.

Siku hiyo Chelagat alikuja kumgeuza, akainua blanketi.

"Haiya! Mama Joan! Mfuko unafanya nini hapa juu?"

Nekoye alikuwa na akili zake kidogo mchana huo. "Namfichia mkwe."

"Ati?"

"Kabiru anakuja. Si unajua mkwe hawezi kuona mkojo wa mama yake."

"Na kila akija unaupandisha?"

"Kila akija."

Chelagat akaushusha kwa haraka kama anaokoa maziwa jikoni. "Mama! Huu mfuko ukikaa juu, mkojo wa zamani unarudi ndani ya kibofu na uchafu wake wote! Kila mtu anajua maji hushuka!"

"Basi kila mtu angeniambia!" Nekoye akapaza sauti. "Mmenifunga hii kitu kama ng'ombe amefungwa kengele, hamkusema ikae juu, hamkusema ikae chini, hamkusema itoke lini. Leo ndio mnanipigia kelele? Nilikuja hapa na ugonjwa mmoja, sista. Huu wa pili mmeniuzia nyinyi!"

Chelagat akageukia kitanda. Alipotandika vizuri mto wa Nekoye, vidonge vikamwagika sakafuni, vya rangi mbili, vya rangi moja, vyeupe, vingine vimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Wageni kutoka Kiminini walikuwa wamemletea, ndani ya chapati, kama yeye alivyokuwa akiwaletea wao. Na alikuwa anavimeza akipata nafasi.

Daktari Hesbon akaitwa. Akaviangalia vile vidonge. "Mama, umekuwa ukitumia dawa hizi bila kuandikiwa?"

"Waulize watu wote wa Kiminini. Levi anauza tu. Hata kuku wangu wametumia."

"Kuku?" Daktari akakaa kitandani bila kujua amekaa. "Sikia, mama. Hivyo vidudu vilivyo kwenye mkojo wako vimeonjeshwa kila dawa kidogo kidogo. Havifi, vinajifunza. Sasa vimekuwa sugu. Ndiyo maana sindano zangu hazifanyi kazi."

"Kumbe ulijua hazifanyi kazi."

"Nilikuwa najaribu..."

"Ulikuwa unabahatisha." Nekoye hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, lakini mdomo ulikuwa mzima. "Mimi sikusoma. Mimi nikibahatisha ninaitwa mjinga. Wewe ukibahatisha unaitwa daktari. Ulinidunga ya kwanza, ya pili, ya tatu, umewahi kuuliza huo mkojo una nini?"

Daktari akarudisha kalamu mfukoni. Akasema kweli, mkojo ulitakiwa upelekwe maabara mapema. Unapandwa, akaeleza, kama mbegu, unaota siku mbili tatu, halafu wanajua ni kidudu gani na kinaogopa dawa gani.

"Unapandwa kama mahindi?"

"Kama mahindi."

"Na mlikuwa mnangoja mvua gani?"

Wacera akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaguna, maana mguu ulimuuma.

Hapo ndipo mambo yalipokaza. Maabara ya Ghala Jekundu haikuwa na uwezo wa kuotesha chochote isipokuwa vumbi. Ile waliyokuwa wamepatana nayo ilikuwa Bungoma. Gari la hospitali lilikuwa nyuma ya jikoni, limeota nyasi, na kuku wa mpishi wanataga ndani. Mkojo wenyewe lazima ufike upesi na ufike ukiwa kwenye baridi, la sivyo utaotesha kila kitu na hautasema kweli. Joan hangeweza kuubeba, kwa sababu ndiye aliyekuwa anamgeuza mama yake, anamfuta jasho na kumnywesha, kazi ambayo pale haikuwa na mwenyewe. Na kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa anaondoka Kitale kwenda Bungoma mchana uleule na sanduku la barafu.

"Kabiru atapeleka," Joan akasema.

"Nani?"

"Mama, usianze."

"Mkojo wangu? Kwenye gari la mkwe wangu? Aubebe na mikono yake?" Nekoye akaugeukia ukuta. "Afadhali nife na heshima yangu."

"Kufa basi," Wacera akamwambia kutoka kitanda cha pili. "Utazikwa nayo. Lakini nikuambie, mama Joan, heshima haiozi. Utaoza wewe."

"Wewe nyamaza, bibi. Nyinyi hamna adabu za mkwe."

"Tuna adabu sana. Tena adabu zetu hazina harufu kama hiyo yako."

Joan akalia. Nekoye hakugeuka. Mchana ule Kabiru alikuja, akaweka supu, akaambiwa mama amelala, akaondoka na masanduku yake bila kubeba mkojo.

Kwenye kitanda cha mlangoni kulikuwa na msichana ambaye hata Nekoye hakujua jina lake, walikuwa wanamwita "wa mlangoni" tu. Naye alikuja na mfupa uliovunjika. Naye alitiwa mpira siku ya kwanza, naye akaanza kutetemeka, naye akadungwa sindano ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jioni ile akanyamaza. Wakamfunika, wakamtoa. Mama yake alibaki amesimama ameshika kandambili za mtoto, anauliza watu wanaopita, "Si alivunjika mguu tu? Mguu unaua?" Godoro likapanguswa kwa kitambaa, na kabla halijakauka akalazwa mwanamke mwingine, na kabla mwanamke huyo hajamaliza kutaja jina lake akatiwa mpira.

Nekoye aliyaona yote hayo, kwa sababu ukuta aliokuwa ameugeukia ulikuwa na dirisha la kioo, na kioo kilikuwa kinaonyesha mlango. Hasira ilimpanda kutoka kwenye ule mguu mbovu mpaka kwenye nywele. Kwanza alijikasirikia yeye, kidogo. Halafu akawakasirikia wengine, sana, na hiyo ya pili ndiyo iliyompa nguvu.

"Joan," akasema. "Hawa watu wametupanga foleni ya kufa. Kesho nenda nyumbani asubuhi mapema, uniletee kuku."

"Kuku wa nini tena, mama?"

"Nyanya yako alipokatazwa na mto Nzoia kuvuka, maji yamefurika, mkwe wake ndiye alimbeba mgongoni. Unadhani alimbeba hivihivi? Alimpa kuku kwanza, mbele ya shahidi. Ukishampa kuku, aibu imefunguliwa, si mkwe tena, ni mtoto wako wa kuzaa. Niletee kuku."

Joan akaenda Kiminini. Kuku wote walikuwa wameuzwa au wameibwa, isipokuwa yule jogoo mwekundu, ambaye hakuna mnunuzi wala mwizi aliyethubutu kumkamata. Mchana Joan akaingia Ghala Jekundu na kikapu kinachopiga mateke. Mlinzi akauliza ni nini, Joan akasema ni mboga. Mboga ikawika.

Kabiru alifika akakuta wodi imejaa manyoya na Chelagat yuko juu ya stuli anasema hii ni hospitali, hii ni hospitali. Jogoo alikuwa amesimama kwenye kitanda cha Wacera, anawaangalia wagonjwa mmoja mmoja kama daktari mkuu.

"Baba Hiram," Nekoye akaita. Hiram ndiye mtoto wa kwanza wa Joan.

Kabiru akatazama nyuma kuona anaitwa nani. Mama mkwe hakuwahi kumtaja.

"Ni wewe naita. Karibia. Unafikiri nakuchukia."

"Mama, mimi..."

"Sikuchukii. Miaka yote hii nilikuwa nakuheshimu."

"Kwa kukimbilia kwenye mahindi?"

"Ningekudharau ningebaki njiani." Akapumua, maneno yalikuwa yanamkata pumzi. "Sasa mkamate huyo. Ni wako. Tangu leo wewe ni mtoto wangu, na mtoto hubeba uchafu wa mama yake, kama mama alivyobeba wake. Shahidi ni huyu Wacera."

"Nimeshuhudia," Wacera akasema. "Pia nimeshuhudia kwamba jogoo ameninyea blanketi."

Kabiru akasogea. Akamkamata jogoo kwa kwapa, na machozi yakamtoka, ingawa baadaye alidai jogoo alimdonoa. Kisha Nekoye akanyoosha kidole kwenye mfuko, uliokuwa unaning'inia chini mahali pake, bila blanketi wala leso, jua likiupiga. "Ndio huo. Uangalie vizuri, tumalize."

Chelagat akawafukuza wote, akavuta pazia. Akautoa mpira wa zamani, akatia mpya safi, akachukua mkojo uliotoka mbichi kwenye ule mpya, sio ule uliolala mfukoni, akaufunga kwenye chupa ndogo. Alifanya kazi polepole na vizuri, na alipomaliza akasema, bila kumtazama Nekoye usoni, "Pole, mama. Ningekuambia siku ya kwanza." Nekoye akasema, "Ndiyo, ungeniambia." Hakuongeza neno tamu lolote.

Chupa ikawekwa kwenye sanduku la barafu peke yake, mbali na maziwa, wateja wasije wakaogopa. Siku hiyo Kabiru hakusimama popote. Wateja wake wote wa njiani walikunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Inasemekana karibu na Webuye polisi wa barabarani alimsimamisha, akagonga sanduku. "Umebeba nini humu?"

"Mkojo wa mama mkwe wangu."

Polisi alikuwa Mbukusu. Akarudi hatua nyingi nyuma, akavua kofia, akasimamisha magari ya pande zote mbili mpaka Kabiru akapotea. Jogoo alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya. Nekoye aliita kuku, akaita mumewe, akamwita na yule wa mlangoni, amwulize jina lake. Joan alimkanda kwa kitambaa cha maji. Siku ya tatu simu ya Kabiru ikalia yuko palepale kwenye kiti chake. Msichana wa maabara, Lorraine, alikuwa amewapigia hospitali hawashiki, akaona apige namba aliyoachiwa na mtu wa maziwa. Kabiru akakimbia na simu mkononi mpaka chumba cha daktari, akaiweka mezani, sauti juu.

"Dawa hii haifanyi kazi," sauti ikasema. "Hii pia. Hii pia." Ilitaja zile sindano zote za Hesbon, moja moja, na ikataja vidonge vya rangi mbili vya Levi. Ikataja nyingine ambazo hata hazijajaribiwa. Kabiru alisema ilikuwa kama kusikiliza majina ya marehemu kanisani. Kisha Lorraine akavuta pumzi. "Kuna moja inafanya. Ya drip, ya mshipani. Msichelewe, na mkianza mmalize."

Ilianza siku ileile. Kesho yake homa ikalegea. Kesho kutwa Nekoye akafungua macho, akamwona Kabiru, na swali lake la kwanza likawa, "Jogoo yuko wapi?"

"Matisi, Mama. Amenishinda. Nikitaka kwenda chooni ananifukuza, napitia kwa jirani."

"Vizuri. Ulidhani utapata utoto wa bure?"

Daktari Hesbon alipopita, Nekoye alimshika koti. "Na huu mpira?"

"Utakaa kidogo, mama, mpaka..."

"Kidogo ya nani? Ule wa kwanza pia ulikuwa kidogo. Nimevunjika mguu. Kibofu changu kilikosa nini?"

Daktari akamtazama Chelagat. Chelagat akasema, "Hakuna sababu, daktari. Ni beseni tu, na watu wa kulileta."

"Beseni nitaleta mimi," Kabiru akasema kwa moyo mkunjufu.

"Hapana!" Nekoye akakaribia kuruka na mchanga wake. "Jogoo mmoja hawezi kununua yote hayo! Ataleta Joan."

Mpira ukatoka. Siku hiyo Nekoye alikojoa mwenyewe kwenye beseni, nyuma ya pazia, kwa kelele, na wodi nzima ikapiga makofi.

Chuma bado kilikuwa kinakuja. Lakini sasa Ghala Jekundu lilikuwa na shida nyingine, na shida hiyo ilikuwa kitanda cha Nekoye. Mgeni akileta vidonge ndani ya chapati, chapati inaliwa, vidonge vinarudishwa na matusi. Mkebe wenyewe alimtuma Joan amrudishie Levi mbele ya wateja wake, na ujumbe: awape kuku wake mwenyewe, kama anao, halafu anywe maji yao. Levi alisema yeye anauza tu watu wanachotaka. Joan akajibu kama alivyofundishwa: "Mama amesema hata kaburi linauzwa, lakini halipimwi kwa kiganja."

Jumapili moja mzee wa kanisa alikuja kumwombea Wacera, amevaa tai, Biblia kwapani. Wacera alipomwona mlangoni, mkono wake ukashuka upesi ubavuni mwa kitanda, ukaukamata ule mfuko, ukaanza kuupandisha chini ya blanketi.

"Teremsha!" Nekoye akapiga kelele, hata mzee wa kanisa nusura aangushe Maandiko. "Wacera! Teremsha huo mkojo!"

"Wewe mama, mzee yuko hapa..."

"Mzee pia anakojoa! Si unakojoa, mzee?"

Mzee akakiri kwamba, kwa neema ya Mungu, ndiyo. Mfuko ukateremka.

Kesho yake daktari alipofika kwenye kitanda cha Wacera, akafungua faili na kuifunga, akageuka aende. Nekoye akakohoa kwa nguvu. Wacera akamwangalia Nekoye, akaangalia kitanda cha mlangoni, ambapo yule mwanamke mpya alikuwa ameanza kuvuta blanketi shingoni, jua linawaka.

"Daktari," Wacera akasema, "ngoja kwanza. Mimi nimevunjika mguu. Kibofu changu kilikosa nini?"

Na kutoka mlangoni, sauti nyembamba, inayotetemeka, ikasema, "Na mimi."

Daktari Hesbon akarudi, akamwita Chelagat, akaanza na wa mlangoni. "Kabla ya sindano yoyote," akasema, "chukua mkojo wake." Kisha akakuna kichwa, akatazama dirishani kule kwenye gari lililoota nyasi, na mwisho akamtazama Nekoye.

"Usiniangalie hivyo," Nekoye akamwambia. "Mkwe wangu anaondoka saa nane. Lakini huyo wa mlangoni si mama yake, kwa hiyo hospitali yenu ndiyo itatoa jogoo."